Magufuli na Lowassa: tuwapimie wapi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Nyumbani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mume wangu ni mtu wa Sengerema, kwake Magufuli hana mfano, na kila akivuka daraja la Busisi lazima amtaje. Kaka yangu ni mvuvi, nyavu zake zilichomwa mwaka 2018, na yeye anashikilia kwamba tulikosea kwenye uchaguzi wa urais wa 2015, Lowassa ndiye aliyekuwa na busara. Magufuli na Lowassa wote wawili sasa ni marehemu. Naomba unisaidie, mtu anawapimaje viongozi wawili kama hawa bila ushabiki? Na je, Lowassa angeshinda, mambo yangekuwa tofauti?"

Marahaba, binti yangu. Ubishi wa nyumbani kwako naufahamu, maana hata darasani kwangu huwa hauishi mpaka kengele igongwe. Tatizo lake si kwamba mume na kaka wana hasira. Tatizo ni kwamba wanapima vitu viwili visivyolingana. Mume wako anashika mkononi miaka mitano na ushee ya urais, yenye madaraja, meli na vilio vyake. Kaka yako anashika urais ambao haukuwahi kuwapo. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye chanja hawauzwi bei moja hata kama mizani inasoma sawa. Mnunuzi mzoefu anauliza kwanza walianikwa wapi. Kwa viongozi nako anza hapo: yale aliyoyatenda, aliyatenda akiwa amekalia kiti gani, na nani alikuwa na uwezo wa kumwambia basi?

Kwa bahati nzuri, watu hawa wawili waliwahi kukaa meza moja kwa vyeo sawa. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, katika Baraza la Mawaziri la Rais Mkapa, Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi na Lowassa alikuwa Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo. Hapo ndipo mahali pa haki pa kuwapimia, na ajabu ni kwamba vijiweni hakuna anayepataja.

Chukua maji. Bomba linalotoa maji ya Ziwa Victoria pale Ihelele, wilayani Misungwi, mkoani kwetu hapahapa, na kuyapeleka Shinyanga na Kahama, lilianza kujengwa mwaka 2004, Lowassa akiwa waziri. Uamuzi ule haukuwa mwepesi. Kulikuwa na mkataba wa mwaka 1929 ambao Uingereza iliusaini na Misri kwa niaba ya makoloni yake, uliotaka miradi mikubwa kwenye maji yanayolisha Nile isifanyike bila ridhaa ya Misri. Serikali ya Tanganyika chini ya Mwalimu Nyerere ilishakataa kufungwa na mikataba ya kikoloni ya namna hiyo tangu mwanzoni mwa uhuru, lakini kukataa kwenye karatasi ni jambo moja na kutandaza mabomba ni jingine. Tanzania ikayatandaza. Mama aliyeko Kahama anayefungua koka leo ana sababu ya kumtaja Lowassa, na wengi hawamtaji kwa sababu bomba liko chini ya ardhi na halina jina la mtu. (Sisi wa Mwanza tulibaki tunaliangalia ziwa huku mabomba ya mitaa ya mlimani yakikoroma hewa, mpaka chanzo kipya cha Butimba kilipojengwa miaka mingi baadaye. Hilo nalo lina waziri wake, ila si mada ya leo.)

Chukua barabara. Magufuli alikuwa waziri aliyekariri kilomita. Alisimama bungeni akataja barabara moja baada ya nyingine na urefu wake bila kutazama karatasi. Wapinzani walicheka, lakini mkandarasi aliyekuwa akisikiliza hakucheka, maana alijua waziri huyu atafika eneo la kazi na atakumbuka alichoahidiwa. Lami ya kutoka Usagara kupitia Geita hadi Kyamyorwa, iliyotuunganisha na Kagera kwa gari, ni ya zama hizo za Wizara ya Ujenzi. Upande wa pili, wizara hiyohiyo chini yake ndiyo iliyosimamia uuzaji wa nyumba za serikali, jambo ambalo lililalamikiwa kwa miaka mingi na ambalo hakuwahi kuondokana nalo kabisa. Mume wako akilisikia atasema aliamriwa. Huenda. Lakini basi na barabara nazo tuseme aliamriwa. Huwezi kumpa mtu sifa za amri na kumvua lawama za amri.

Sasa nakuomba uangalie jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha jibu. Mwezi Mei 2005, Lowassa alivunja mkataba wa City Water, kampuni iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, na viongozi wake wa kigeni wakafukuzwa nchini. Mwaka 2009 Magufuli, sasa akiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, aliikamata meli ya kigeni ya Tawariq 1 ikivua katika ukanda wetu wa bahari kuu, na shehena ikagawiwa kwenye taasisi za umma. Tuliwaita samaki wa Magufuli. Ondoa majina kwenye matukio haya mawili, nenda kamuulize mtu yeyote kijiweni ni lipi la Lowassa na ni lipi la Magufuli. Atababaika. Yote mawili ni ya waziri anayeamua haraka, hadharani, na mgeni akiwa ndiye anayeadhibiwa. Ile picha ya Lowassa mpole mwenye busara na Magufuli mkali mwenye kutenda imechorwa baadaye, kwenye kampeni. Mawaziri wale walifanana zaidi ya wanavyokubali wafuasi wao.

Matokeo ndiyo yaliyotofautiana. Shauri la City Water lilikwenda kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, na mwaka 2008 likaamua kwamba Tanzania ilivunja baadhi ya wajibu wake kwa mwekezaji lakini haidaiwi fidia, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshadhoofika mno kabla ya kufukuzwa. Meli nayo, Mahakama Kuu iliwatia hatiani baadhi ya washitakiwa mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikawaachia. Samaki walikuwa wameshaliwa zamani, na serikali ikabaki inadaiwa. Kwa hiyo, kwa uwaziri peke yake, mimi nampa Lowassa alama zaidi kidogo katika kuandaa jambo kabla ya kulipiga, na nampa Magufuli alama zaidi katika kulifuatilia mpaka liishe. Ni tofauti ndogo. Haitoshi kuvunja ndoa.

Richmond siwezi kuipita. Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani kwa ukame, mabwawa yamekauka, na serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, ambayo ilionekana haina uwezo wa kazi ile. Lowassa wakati huo alikuwa Waziri Mkuu. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikachunguza, ikaitaja ofisi yake, na tarehe 7 Februari 2008 akajiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Rais Kikwete akavunja baraza zima. Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza, na hakuwahi kushitakiwa mahakamani kwa jambo hilo. Mkataba ulikuwa umeshahamia kwa kampuni nyingine, Dowans, na mwaka 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikaiamuru Tanesco iwalipe mabilioni.

Wanaompenda husema hakuhukumiwa. Wasiompenda husema alijiuzulu. Vyote ni kweli na hakuna kinachokifuta kingine. Mtu anaweza asiwe mwizi na bado awe amesimamia vibaya jambo lililoitia nchi hasara. Kwa Waziri Mkuu hilo la pili linatosha kumwondoa, na lilimwondoa. Tena usisahau kwamba Chadema wenyewe, pale Mwembeyanga mwezi Septemba 2007, katibu mkuu wao Dk. Slaa alipowasoma wale waliowaita mafisadi, walimtaja Lowassa. Miaka minane baadaye wakamfanya mgombea wao, Dk. Slaa akaondoka. Kaka yako akitaka kumtetea Lowassa ana haki, ila amtetee akiwa amelijua hilo.

Lakini tazama kilichotokea hapo kwa mizani nyingine. Bunge lilimsimamisha Waziri Mkuu mwenye nguvu kuliko mawaziri wakuu wengi tuliowahi kuwa nao. Breki zilishika.

Magufuli naye aliwahi kufungiwa breki, watu wamesahau. Mwaka 2011, akiwa amerudi Ujenzi, alianza bomoabomoa ya nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara. Waziri Mkuu Pinda akamtaka asitishe, tena alilisema hilo Chato kwenyewe, mbele ya wapiga kura wa Magufuli. Rais Kikwete naye akamwambia aangalie ubinadamu. Magufuli alinuna, lakini alisitisha. Ukiniuliza kwa nini uwaziri wake unakumbukwa vizuri kuliko sehemu fulani za urais wake, nitakujibu kwamba kipaji kilikuwa kilekile, mtu alikuwa yuleyule, ila mwaka 2011 palikuwa na mtu juu yake. Kuanzia tarehe 5 Novemba 2015 hapakuwa na mtu.

Kwa macho hayo yaangalie mambo ya kwetu ziwani. Naanza na daraja, maana mume wako amelitaja. Jiwe la msingi liliwekwa na Magufuli Desemba 2019, kilomita 3 juu ya maji ambayo vizazi viliyavuka kwa kivuko na foleni. Limefunguliwa na Rais Samia tarehe 19 Juni 2025 na limepewa jina la Magufuli. Ana haki ya kulisifu. Fedha nyingi, hata hivyo, zililipwa baada ya yeye kufariki, na kama mrithi wake angeamua kulisimamisha, leo tungekuwa na nguzo zinazosubiri. Mume wako ampe Magufuli sifa ya kuthubutu na ampe Samia sifa ya kumaliza. Hata lile bomba la Lowassa lilirefushwa hadi Nzega, Igunga na Tabora na serikali zilizofuata. Vitu vikubwa havina baba mmoja.

Machinga ni mfano mzuri zaidi, na wewe kama mfanyabiashara utauelewa upesi. Desemba 2016, wakati machinga wa katikati ya jiji letu wanafurushwa, Magufuli aliagiza waachwe mpaka waandaliwe maeneo. Siku ile alipendwa Mwanza kuliko mwanasiasa yeyote niliyemwona kwa macho yangu. Baadaye, mwishoni mwa 2018, vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, na mwenye kitambulisho hakubugudhiwa na mgambo. Lakini sheria ndogo za jiji hazikubadilishwa zikaandika kwamba mchuuzi ana haki hii na hii, mahali hapa na pale. Ulinzi wote ulikuwa neno la mtu mmoja. Mwaka 2021 mtu huyo alifariki, na kabla mwaka haujaisha machinga walikuwa wanahamishwa nchi nzima, Mwanza ikiwemo. Sisemi kuwahamisha kulikuwa kosa. Jiji lilikuwa halipitiki. Nasema kwamba wema usioandikwa popote ulizikwa naye.

Nyavu za kaka yako ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Uvuvi haramu ulikuwa kweli, makokoro yalikuwa yanazoa samaki wachanga, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilikuwapo muda wote huo bila kutekelezwa. Operesheni Sangara ya 2018, chini ya Waziri Mpina, ilikuwa na sababu. Lakini mvuvi alikamatwa, akatozwa faini na kuchomewa mali kwa mkupuo mmoja, na wengi wao nyavu hizo walikuwa wameziuziwa dukani, mchana kweupe, na wafanyabiashara wenye leseni. Serikali iliyosubiri miaka kumi na mitano kutekeleza sheria ilikuwa na uwezo wa kusubiri miezi sita zaidi ili watu wabadilishe zana. Hapo nasimama na kaka yako moja kwa moja.

Mwaka huohuo, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, ikaua watu zaidi ya 220, ikiwa imebeba abiria kupita kiasi. Magufuli akaivunja bodi ya wakala wa vivuko ndani ya siku chache. Watu wakapiga makofi, nami nilielewa kwa nini, maana tangu MV Bukoba mwaka 1996 tulikuwa tumezoea kuona watu wakizikwa bila mkubwa kuondoka ofisini. Ila kumtumbua mtu baada ya msiba na kuweka mkaguzi anayehesabu abiria kabla ya safari ni kazi mbili tofauti, na Magufuli alikuwa hodari zaidi katika ile ya kwanza.

Yaliyobaki ya urais wake nayataja kwa kifupi kwa kuwa yanajulikana. Elimu bila ada kuanzia 2016. Watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi walioondolewa mwaka 2017. Bwawa la Rufiji. Makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, ambapo madai ya kodi ya dola bilioni 190 yaliishia kwenye makubaliano ya dola milioni 300 na hisa asilimia 16 kupitia Twiga, kampuni ya ubia na Barrick. Watetezi wake wasiseme alishinda vyote, na wapinzani wake wasiseme hakupata kitu, kwa sababu hisa zile hatukuwa nazo kabla. Upande mwingine wa daftari kuna mikutano ya hadhara iliyozuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023, magazeti yaliyofungiwa, Tundu Lissu aliyepigwa risasi Dodoma Septemba 2017 na mpaka Magufuli anafariki hakuna aliyefikishwa mahakamani, Profesa Assad ambaye hakuongezewa muhula wa ukaguzi wa hesabu Novemba 2019, na takwimu za korona zilizokoma mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa zimefika wagonjwa 509. Mimi hii orodha ya pili naihesabu kuwa nzito kuliko wanavyoihesabu wengi wa Kanda ya Ziwa. Unaweza kukataa. Daraja unaliona kila siku; taarifa ambayo haikutolewa huioni.

Kuna vipimo nakuomba uvitupe kabisa. Kimoja ni ukanda, kwamba huyu ni wetu na yule ni wa Kaskazini. Uwanja wa ndege wa Chato ulijengwa kwa fedha za Watanzania wote, na watu wa Ukerewe hawakuutumia. Kingine ni afya. Mwaka 2015 mmoja alipiga pushapu jukwaani na mwingine alisemwa vibaya kwa hotuba zake fupi, na wengi walipiga kura kwa kuangalia misuli. Aliyepiga pushapu alifariki Machi 2021 akiwa na miaka 61, na yule aliyesemwa mgonjwa aliishi hadi Februari 2024, akafariki na miaka 70. Sina zaidi la kusema hapo.

Sasa swali lako la mwisho. Oktoba 2015 Magufuli alipata asilimia 58, Lowassa karibu 40, zaidi ya kura milioni sita, na hapa Mwanza Chadema ilipoteza Nyamagana na Ilemela ambazo ilizichukua mwaka 2010. Kama hesabu ingegeuka, Lowassa angeingia Ikulu na kukuta Katiba ileile ya mwaka 1977: rais anayeteua karibu kila mkubwa, na Ibara ya 41 inayozuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa. Angeingia akiwa na tabia ileile ya kuamua haraka tuliyoiona City Water, na marafiki wenye fedha waliomzunguka kwa miaka mingi, na muungano wa vyama uliojiita Ukawa kwa sababu ya kudai katiba ya wananchi. Je, angeibadilisha katiba hiyo akiwa yeye ndiye ananufaika nayo? Kaka yako anaamini hivyo. Ushahidi nilio nao ni huu tu: alipokuwa katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, alikaa upande wa CCM, katika Bunge ambalo Ukawa walilisusia. Na tarehe 1 Machi 2019 alirudi CCM, akasema amerudi nyumbani, wakati ambapo wenzake wa mwaka 2015 walikuwa wanapanda na kushuka ngazi za mahakama.